Oicha: Mama aliyebeba karatasi ya IRM kwa wiki saba

OICHA, wilaya ya Beni, Kivu Kaskazini. – Karatasi ilikunjwa mara nne, ikawekwa ndani ya sasheti ya plastiki, na sasheti ikafungwa kwenye pembe ya kitenge. Mama alilala nayo. Alipanga foleni ya maji nayo. Usiku mmoja risasi ziliposikika karibu na watu wakaanza kukimbia, aliacha sufuria na bido, lakini karatasi alitoka nayo, pamoja na watoto wake watatu. Ilikuwa na mistari mitano ya Kifaransa kwa kalamu ya bluu. Yeye alisoma hadi darasa la tano la shule ya msingi, miaka mingi iliyopita, na aliloweza kutambua ni herufi tatu tu zilizoandikwa kubwa: IRM.

Alitoka kijiji kimoja kando ya barabara ya Mbau–Kamango, barabara ambayo watu wa Beni hawahitaji kuelezwa habari zake. Yeye na mume wake walilima kakao. Waasi wa ADF walipoingia kijiji cha jirani, familia ilikimbilia Oicha ikapewa chumba kimoja na jamaa wa kanisa. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Mtoto, msichana, alizaliwa mwanzoni mwa mwaka 2024, akalia vizuri, akanyonya vizuri. Wiki ya tatu alipata homa kali na kushtuka mwili, akatibiwa kwa sindano siku kadhaa, homa ikaondoka. Watu walimshukuru Mungu.

Kichwa kilianza kukua baadaye, polepole kwanza. Aliyeona mapema ni fundi wa kushona nguo wa kartye, si mama mwenyewe. Alishona kofia ya mtoto, na wiki mbili baadaye kofia haikuingia tena. Utosi ulikuwa umejaa na kukaza kama ngozi ya ngoma. Mishipa ya damu ilionekana kwenye paji la uso. Macho yalianza kuelekea chini, weupe ukionekana juu yake, hata mtu akimpungia kitambaa mbele ya uso.

Maneno yalikuwa mengi. Mzee mmoja alisema mama alipita juu ya damu usiku wa kukimbia. Wengine walisema ni kurogwa, na jina la jirani aliyebaki kijijini likatajwa. Mama alimpeleka mtoto kwa muganga wa mizizi mara moja, na mtoto akachanjwa chale tatu ndogo nyuma ya masikio. Chale hizo bado zinaonekana. Akiulizwa, mama anasema aliruhusu kwa sababu siku hiyo hakuna mtu mwingine aliyempa kitu cha kufanya.

Mtoto alipofika wiki kumi, alipelekwa kwenye hospitali kubwa zaidi. Huko alifanyiwa ekografi ya kichwa. Watu wengi wanajua ekografi ya mimba peke yake. Lakini mtoto mchanga ana utosi ambao haujafunga, na kupitia pale mashine hiyohiyo inaona ndani ya ubongo bila kumdhuru. Daktari aliona vyumba vya maji vimepanuka sana. Mzunguko wa kichwa ulikuwa sentimita 43. Kwa umri ule vichwa vingi vya wasichana viko kwenye 38 au 39. Daktari alieleza haraka, nje kulikuwa na foleni, akaandika ile karatasi.

Nyumbani, mwana wa mwenye nyumba, kijana wa darasa la nne, aliombwa asome. Alisoma mstari wa pili: «IRM si possible». Kwa Kifaransa maana yake ni «IRM ikiwezekana». Lakini kijana anawaza kwa Kiswahili kama wenzake wote, na kwake «si» ni «si». Akasema: IRM haiwezekani hapa, mtafute mahali inapowezekana. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na kosa.

Kuanzia siku hiyo familia nzima ilitafuta IRM. Waliambiwa mashine hiyo ingepatikana Kinshasa, ambako kutoka Beni mtu huenda kwa ndege, au Kampala. Bei waliyotajiwa ilizidi pesa zote ambazo mume aliwahi kushika kwa mwaka mzima wa kuuza kakao. Basi mume akafanya wanachofanya wanaume wengi wa wilaya ya Beni wanapobanwa: alirudi shambani. Kakao ilikuwa imeiva na hakuna wa kuivuna. Alienda mara tatu, na wenzake wanne. Mara mbili walirudi na magunia. Mara ya tatu walirudi watatu. Waliobaki walikuwa binamu yake na kijana mmoja wa Mbau, na maiti zao ziliokotwa siku ya pili.

Mume hakuenda tena. Pesa zilizopatikana hazikufika nusu.

Wiki ya saba, timu ya afya ilipita kwenye kanisa kupima watoto wa wakimbizi wa ndani. Muuguzi mmoja, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, alizungusha tepu kwenye kichwa cha yule msichana, akaizungusha tena kwa sababu hakuamini. Sentimita 49.

«Mama, mtoto huyu alishaonwa na daktari?»

Mama akafungua pembe ya kitenge. Muuguzi alisoma mistari yote mitano, polepole, halafu akauliza: «Nani alikuambia kwamba bila IRM mtoto hatatibiwa?»

«Ni karatasi, dokta.»

«Karatasi inasema IRM ikiwezekana. Mstari unaofuata unasema apelekwe kwa wapasuaji wa ubongo, haraka. Hilo neno la haraka limepigiwa mistari miwili.»

Waliokuwa hapo wanasema mama hakulia. Alikaa chini kwenye benchi la kanisa akamnyonyesha mtoto. Aliyelia ni mume, jioni, alipoelezwa.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu daktari aliyeandika IRM hakukosea, na mama aliyetii hakukosea. Neno hilo lina sababu yake.

Ndani ya ubongo kuna vyumba vinne vilivyounganishwa, na ndani yake ubongo unatengeneza maji masafi. Kwa mtu mzima yanatengenezwa karibu nusu lita kila siku, na yaliyopo kwa wakati mmoja kichwani na mgongoni ni kama mililita 150, kwa hiyo yanabadilishwa mara tatu au zaidi kwa siku. Yanatoka kwenye vyumba viwili vya juu, yanashuka chumba cha tatu, yanapita kwenye mfereji mwembamba sana, milimita moja au mbili kwa upana, ambao karatasi za hospitali huuita mfereji wa Sylvius. Yanafika chumba cha nne, yanatoka nje, yanazunguka ubongo na uti wa mgongo, mwishowe yananywewa na damu. Muuguzi wa Oicha alimweleza mama kwa mfano wa mtaro ulio nyuma ya kanisa. Majani yakiziba bomba linalopita chini ya njia, dimbwi linakua upande wa juu. Lakini dimbwi linaweza kukua pia kama bomba ni zima na shimo la kunywa maji huko mbele ndilo limejaa matope. Ukitazama dimbwi peke yake, hujui ni lipi kati ya hayo mawili.

Ekografi na skaneri huonyesha dimbwi vizuri. IRM, hasa ikiwekwa kwa namna ya kupima mwendo, inaweza kuonyesha maji yakitembea. Mashine hiyo ni sumaku kubwa. Zile za hospitali nyingi zina nguvu ya tesla 1.5, karibu mara 30,000 ya nguvu ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Haitumii miale kama radio ya kifua au skaneri. Inasikiliza haidrojeni iliyo ndani ya maji ya mwili, na fundi anaweza kuipanga ili maji yaliyotulia yaonekane kijivu, yanayokwenda upande mmoja yawe meupe, na yanayorudi yawe meusi. Picha zinapigwa kwa kufuata mapigo ya moyo. Moyo ukipiga, damu inaingia kichwani, ubongo unavimba kidogo sana, maji yanasukumwa chini kuelekea mgongoni. Moyo ukilegea, yanapanda tena. Picha zikipangwa mfululizo, mfereji ulio wazi unapepesa: mweupe, mweusi, mweupe, mweusi. Mfereji uliozibwa unabaki kijivu.

Kwa mpasuaji hilo ni jambo kubwa. Kama maji yamezuiliwa kwenye mfereji, anaweza kutoboa tundu dogo sakafuni mwa chumba cha tatu na kuyapa njia nyingine. Kama mfereji ni mzima na ugonjwa uko kwenye kunywewa, tundu peke yake linaweza lisitoshe. Na hapa picha ina mtego wake: kwa mgonjwa wa aina hii ya pili maji yanaweza kuonekana yakipita mferejini vizuri kabisa, na bado ni mgonjwa. Hata kwa wazee hutokea. Kuna babu anayeanza kutembea kama miguu imegandamana na sakafu, anasahau, anajikojolea, na watu wanasema ni uzee tu. Daktari Salomón Hakim wa Colombia alieleza ugonjwa huo mwaka 1965. Baadhi ya wazee hao wakitolewa maji wanatembea tena. Hilo ni somo la siku nyingine.

Kwa mtoto wa miezi minne mwenye kichwa cha sentimita 49, mambo ni tofauti kidogo. Maji yale yanabana ubongo kila siku inayopita, na utosi bado uko wazi kwa ekografi. Wapasuaji waliozoea kazi hii hawangoji sumaku.

Safari ililipiwa na likelemba ya akina mama wa kanisa, pamoja na pesa za magunia mawili ya kakao. Mume alibaki na watoto wakubwa. Mama alienda na wifi yake, kwa gari hadi Beni, halafu barabara ya Kasindi, karibu kilomita 80 ambazo watu hupita wakiwa kimya. Kasindi walilala kwa mtu, wakachukua lesepase, wakavuka Mpondwe asubuhi. Upande wa pili mama aliogopa jambo jingine: lugha. Akakuta Kiswahili chake kinasikika sokoni na kwenye basi, japo watu walitabasamu kwa namna anavyosema.

Basi lilipita Mbarara usiku, mtoto akiwa amelala. Mama hakujua, na hakuwa na sababu ya kujua, kwamba katika mji huo, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, mwaka 2022 mwalimu Mganda Johnes Obungoloch na wenzake, pamoja na wataalamu wa Leiden, Uholanzi, walikusanya IRM ndogo hapohapo, kipande kwa kipande, kwa muda usiofika wiki mbili. Nguvu yake ni kama tesla 0.05, mara 30 chini ya ile ya kawaida. Inatumia sumaku za kudumu, haitaki gesi ya kupoza wala chumba cha gharama. Picha zake si safi kama za mashine kubwa. Lakini fikira iliyowaongoza ilikuwa kuhusu watoto hawahawa wa kichwa maji: je, mpasuaji anahitaji picha nzuri, au anahitaji picha inayotosha kuamua? Mtu wa Oicha anaweza kujibu swali hilo bila kwenda chuo.

Mwisho wa safari ulikuwa Mbale, mashariki ya Uganda, chini ya mlima Elgon, kwenye hospitali ya watoto ya CURE. Mama anasema kilichomshtua kwanza ni uwanja wa hospitali. Kulikuwa na akina mama wengi wamekaa kwenye kivuli, na kila mmoja ameshika mtoto mwenye kichwa kama cha wake. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Mmoja alimsogezea mkeka.

Mbale ina historia yake katika ugonjwa huu. Mwaka 2000 alifika hapo mpasuaji Mmarekani, Benjamin Warf. Wakati huo dawa ya kawaida duniani ilikuwa mpira mwembamba unaowekwa chini ya ngozi, ukitoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Mpira huo umeokoa watu wengi sana. Lakini unaweza kuziba au kuingia vidudu, na ukiziba mtoto anaweza kufa kwa siku chache akiwa mbali na mpasuaji. Kwa familia inayoishi siku mbili za barabara mbovu kutoka hospitali, tena inayoweza kukimbia usiku wowote, hiyo ni hatari ya kubeba maisha yote. Warf alichukua njia ya tundu la chumba cha tatu akaongeza kitu: kwa kamera ndogo iliyoingizwa kupitia utosi, anachoma pia sehemu ya nyama laini inayotengeneza maji. Maji yanapata njia, na yanapungua. Alionyesha pia kwamba kwa zaidi ya nusu ya watoto waliofika kwake ugonjwa ulifuata vidudu vilivyoingia kichwani, wengi wao wakiwa bado wachanga sana. Homa ya wiki ya tatu, kwa maneno mengine. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya watoto 100 wa Uganda walio chini ya miezi sita, wengine waliwekewa mpira, wengine walifanyiwa njia ya kamera. Baada ya mwaka mmoja akili na maendeleo ya watoto hayakutofautiana kwa kiasi cha kuonekana kati ya makundi mawili.

Msichana wa Oicha alifanyiwa ekografi tena, halafu skaneri. Kwa kamera mpasuaji aliuona mfereji kwa macho yake: ulikuwa umefungwa na makovu. Akatoboa tundu, akachoma, akafunga. Hakukuwa na IRM.

Mama aliuliza swali moja tu baada ya operesheni, na mkalimani akalirudia mara mbili ili daktari aelewe vizuri. Aliuliza kama zile wiki saba zilimdhuru mtoto. Daktari alisema ubongo uliokuwa umebanwa unaweza kupanuka tena, hasa kwa mtoto mdogo, lakini hakuna anayeweza kumwambia ni kiasi gani kilipotea na lini. Mama anasema alipenda jibu hilo kuliko kama angeambiwa usijali.

Kichwa kiliacha kukua. Miezi ikapita, sentimita 49 ikabaki 49, kisha ikaongezeka taratibu kama ya mtoto yeyote. Macho yalipanda. Alichelewa kukaa, akachelewa kushika vitu kwa mkono wa kushoto, lakini alianza kucheka na kuwafuata kaka zake kwa macho.

Mwaka 2025 walirudi kwa kipimo kilichopangwa. Kasindi, mtoto alianza kutapika. Akatapika kwenye basi, akatapika Kampala. Kila mama wa mtoto wa kichwa maji ameambiwa maana ya kutapika: huenda tundu limejifunga. Alifika Mbale amemfunga mtoto mgongoni na hasemi na mtu.

Utosi ulikuwa umeshafunga, kwa hiyo ekografi haikuona kitu tena. Skaneri ilionyesha vyumba bado vikubwa. Walipima damu, wakakuta malaria, wakaanza dawa siku hiyohiyo. Lakini malaria haizuii tundu kujifunga. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Na vyumba vikubwa havisemi kitu peke yake, kwa sababu baada ya operesheni ya aina hii vyumba mara nyingi hubaki vikubwa hata kwa mtoto mzima. Dimbwi liko palepale. Swali lilikuwa kama maji yanapita.

Sasa, mwaka mmoja baada ya karatasi, IRM ilikuwa na kazi. Watu wema walisaidia malipo, na mtoto akapelekwa kwenye kituo chenye mashine. Hereni zilitolewa, ushanga wa kiunoni ukakatwa, mama mwenyewe akaulizwa kama ana chuma chochote mwilini. Fundi alieleza kwamba wenye mpira kichwani lazima waseme mapema, kwa sababu baadhi ya mipira ina valvu inayoweza kubadilishwa mpangilio na sumaku. Msichana huyu hakuwa nao. Alipewa dawa ya usingizi, kwa kuwa picha ya mwendo wa maji haivumilii mtoto anayegeuka. Watoto wachanga zaidi mara nyingine hunyonyeshwa tu, wakafungwa vizuri kwa blanketi, wakalala wenyewe. Mashine iligonga kama watu wanaopiga mabati. Mama alikaa mlangoni ameziba masikio.

Baadaye fundi alimwita kwenye kioo cha kompyuta. Alimwonyesha kichwa kikiwa kimekatwa katikati kwa upande, kama avokado. Akaweka kidole sakafuni mwa chumba cha tatu. Hapo palikuwa na alama ndogo kuliko punje ya mchele, na ilikuwa ikibadilika, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Juu kidogo, ule mfereji uliozibwa ulikuwa kijivu, umekufa.

«Kama moyo,» mama alisema.

«Ni moyo wake unaosukuma,» fundi akajibu.

Daktari wa Mbale hakuishia kwenye picha. Alitazama macho, akapima kichwa, akamwangalia mtoto akinywa uji, akasubiri siku mbili nyingine. Tundu linaweza kuonekana wazi leo na kujifunga baadaye, na matundu madogo wakati mwingine hayaonekani vizuri hata kama yanafanya kazi. Lakini kutapika kuliisha pamoja na homa. Ilikuwa malaria. Kama si picha ile, pengine kichwa kingefunguliwa tena kutafuta kilichoharibika, na hakukuwa na kilichoharibika.

Mama alirudi Oicha na sidii ya picha ndani ya sasheti ileile ya zamani. Mume alitaka kuona maji yakipita. Katika nyumba yote hakuna kompyuta, kwa hiyo mama alimchorea kwa mkaa ukutani, mwenye nyumba akagomba kidogo kisha akaja naye kutazama. Mtoto alicheza na sidii kama kioo hadi ikapata mkwaruzo. Karatasi ya kwanza bado ipo. Mume alisema ichomwe. Mama alikataa, hakueleza kwa nini.

Msichana sasa anatembea akishika benchi. Anasema maneno manne, moja likiwa jina la binamu ya baba yake aliyebaki shambani, maana nyumbani linatajwa mara nyingi.

Yule fundi wa kushona alimpa mama tepu ya zamani iliyofutika namba upande mmoja. Akina mama wa kanisa humletea watoto siku ya Jumapili baada ya ibada. Hafanyi udaktari na anasema hivyo wazi. Anazungusha tepu juu ya nyusi na sehemu ya nyuma iliyochomoza zaidi, anaandika namba na tarehe kwenye daftari la shule, mara moja kila wiki kwa wale walio chini ya miezi sita. Anajua kwa kichwa kwamba mtoto anayezaliwa kwa wakati ana karibu sentimita 35, na kwamba miezi mitatu ya kwanza huongeza kama 2 kwa mwezi. Anayeongeza haraka kuliko hapo anapelekwa kwa yule muuguzi kesho yake asubuhi, na mama mwenyewe anasindikiza.

Jumapili iliyopita aliletewa mvulana wa wiki sita aliyekuwa na homa mwezi uliopita. Tepu ilisema 38 na nusu. Wiki moja kabla ilikuwa 38. Akaandika, akamrudishia mama yake mtoto, akamwambia: «Urudi naye Jumapili, hata kama mvua inanyesha.»